Kuchagua mahojiano bila kumpotosha aliyesema: mwongozo kwa mhariri wa video

Kuna kazi moja ninayoirejelea kila ninapomwelekeza kijana anayeanza kuhariri. Watu tisa walihojiwa kwa siku tatu kati ya fuo za Dunga na Usoma, hapa Kisumu, kuhusu jinsi Ziwa Viktoria lilivyobadilika wakiliona. Kamera mbili, saa saba za mazungumzo, na filamu iliyoagizwa ilikuwa ya dakika 12. Piga hesabu: kwa kila dakika itakayobaki, dakika 34 zitawekwa kando. Na kila mmoja wa hao tisa aliacha shughuli yake ili aketi nasi. Mmoja aliacha wavu ameushona nusu, mwingine aliacha omena (dagaa) juani huku mawingu yakikusanyika upande wa Nandi.

Kufikia dakika 12 hakuhitaji ujuzi mkubwa, mkasi tu. Ugumu ni kufika huko mhojiwa akaitazama filamu na kusema, "Naam, ndivyo nilivyosema." Hicho ndicho kipimo changu, na hatua zilizo hapa chini nimezipanga kukifuata. Mfano nitakaoutumia ni kazi hiyo ya ziwani, lakini utaratibu ni uleule ukihariri mahojiano ya wakulima wa miwa Mumias au wachuuzi wa Gikomba ndogo ya mtaa wenu.

Hatua ya 1: Nakili kadi kabla hujagusa chochote

Ukitoka mahali pa kazi, usiketi kula kabla kadi za kamera hazijanakiliwa. Nakala mbili, kwenye diski mbili tofauti. Diski moja iliyo na folda mbili ni nakala moja tu. Ikianguka sakafuni vyote vinakwenda pamoja. Zikishanakiliwa, fungua faili tatu nne kutoka kila diski, moja ya mwanzo, moja ya katikati na moja ya mwisho, uzisikilize. Halafu linganisha ukubwa wa folda na ule wa kadi. Kadi yenyewe isifutwe mpaka siku ya pili, baada ya usingizi, kwa sababu mtu aliyechoka huamini mambo ambayo hayajafanyika.

Hilo nimelilipia. Miaka yangu ya mwanzo nilifuta kadi nikidhani kunakili kumekwisha, kumbe stima ilikuwa imepotea katikati na kompyuta ikajizima. Nikapoteza mahojiano ya mzee mmoja wa Seme. Nilirudi kwake, nikamweleza ukweli, naye akakubali kukaa tena. Lakini mara ya kwanza alikuwa amesimulia kifo cha ndugu yake ziwani akinyamaza kila baada ya sentensi mbili. Mara ya pili alisimulia kama mtu anayetoa ripoti. Maneno yalikuwa yaleyale, na hayakuwa yaleyale.

Nakili folda nzima ya kadi, usichague faili ndani yake. Kadi zilizofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 hazibebi faili moja inayozidi GB 4, kwa hiyo mahojiano marefu hukatwa vipande na kamera yenyewe, na zile folda ndogo zinazoonekana hazina maana ndizo mara nyingi zinazosaidia programu kuviunganisha tena.

Hatua ya 2: Majina na folda

Hapa sitakaa sana. Anza na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, ndipo kompyuta izipange zenyewe: 20250312_Dunga_MamaOmena_KamA_01. Baada ya tarehe ni mahali, mhojiwa, kamera, namba. Mhojiwa mpe jina la kazi au alama badala ya jina lake kamili, hasa kama mazungumzo yana siri. Diski huazimwa na kupotea. Kisha folda: picha za kamera, sauti, picha za kufunikia (zile za mahali na shughuli zinazoonekana huku mhojiwa akiendelea kusikika), maandishi, muziki, na ya mradi wenyewe. Mpangilio huo uwe mmoja kwa kila kazi, mpaka uweze kupata klipu gizani.

Hatua ya 3: Ziandae faili ziwe nyepesi

Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hula takriban GB 45 kwa saa. Saa saba kwa kamera mbili ni GB 630. Laptopu nyingi za huku zitaanza kupumua kwa shida ukizifungua zote. Tengeneza proksi, yaani nakala ndogo za kila klipu, za ukubwa wa pikseli 1280 kwa 720. Unahariri kwa hizo, halafu wakati wa kutoa filamu programu inarudi kwenye faili asili. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve hufanya hivyo hata toleo lake la bure, na Premiere Pro pia. Iache ikitengeneza usiku, na kama una UPS, kile kifaa cha kushikilia stima inapopotea, huu ndio usiku wake.

Picha za simu zishughulikie mapema. Simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu kwa sekunde. Huongeza na kupunguza zenyewe. Ukiziweka hivyohivyo, mdomo na sauti vitaanza pamoja na kufikia dakika ya kumi vimeachana. Zigeuze kwanza ziwe na idadi thabiti, fremu 25 ikiwa kamera zako nyingine ziko hapo.

Kisha funganisha sauti ya kinasa na picha. Kama mpiga picha alipiga kofi mbele ya kamera, ni kazi ya dakika moja. Kama hakupiga, programu itajaribu kulinganisha mawimbi ya sauti, na kwa ufuo wenye injini za mashua wakati mwingine itakosea. Hakikisha kwa macho yako, klipu baada ya klipu.

Hatua ya 4: Sikiliza yote, mwanzo hadi mwisho, bila kukata

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, nami naiona ndiyo kazi yenyewe. Saa saba zote. Usiongeze kasi. Usikate kitu. Kaa na daftari, hedifoni masikioni, na uandike saa ya klipu kila kitu kinapokugusa, hata kama hujui kwa nini.

Mimi hutumia alama tatu tu. Nyota kwa kipande kilichonifanya niache kuandika nikatazama. Mstari kwa kipande chenye taarifa muhimu, hata kama kimesemwa kwa ubaridi. Duara kwa kitu nisichokielewa, cha kuuliza. Sijawahi kuhitaji ya nne. Nimeona watu wenye jedwali la rangi kumi na mbili. Wakifika mhojiwa wa tatu wamesahau zambarau ni nini.

Nyota ziweke siku hiyo ya kwanza. Utakapokuwa umesikia sentensi mara ishirini, itakuwa imekufa masikioni mwako, na hutaweza tena kujua kama ilikuwa na nguvu. Nyota ya siku ya kwanza ndiyo ushahidi wako kwamba mtazamaji naye, akiisikia mara moja tu, ataguswa.

Usizime klipu pale mwulizaji anaposema "Asante, tumemaliza." Katika kazi ile ya ziwani, nyota mbili kati ya saba zilitoka baada ya neno hilo. Mtu akishaambiwa kazi imekwisha, mabega hushuka, na hapo ndipo alipogeuka kutazama maji akasema jambo ambalo alikuwa amelizunguka kwa nusu saa. Vile vile usiruke maswali. Jinsi swali lilivyoulizwa ndiyo itakayokuambia kama jibu ni la mhojiwa au alilishwa. "Je, ungesema kwamba mradi umewasaidia sana?" "Ndiyo, umetusaidia sana." Hilo si jibu la kuweka kwenye filamu, hata likisemwa kwa tabasamu.

Hatua ya 5: Iandike, na uipe lugha haki yake

Nyota na mistari yote iandikwe neno kwa neno, na saa pembeni. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi husaidia pale mtu anapozungumza Kiswahili kilichonyooka. Lakini mhojiwa wa kwetu huanza kwa Kiswahili kwa heshima ya mgeni, akichemka anaingia Kidholuo au Kiluhya, na anapofika kwenye mambo ya mikopo na semina anamalizia kwa Kiingereza. Hapo programu hujikwaa, na hujikwaa kwa kujiamini. Itakuandikia sentensi nzuri ambayo hakuna aliyeisema.

Tia alama kila mahali lugha inapogeuka. Nimejifunza kwamba pale mtu anapoiacha lugha ya mgeni na kurudi kwa ya mamake, mara nyingi ndipo moyo ulipo. Vijana wengi wanaohariri huvitupa vipande hivyo kwa sababu vinahitaji manukuu, yaani tafsiri inayoandikwa chini ya picha, na manukuu ni kazi. Wanatupa nyama wanabaki na mchuzi.

Usikubali tafsiri ya muhtasari. Mama mmoja muuzaji wa omena alizungumza Kidholuo kwa dakika mbili nzima. Karatasi ya mkalimani ilisema: "Anaeleza kwamba watoto walipata shida wakati huo." Nikaweka mstari, nikakaribia kupita. Kwa bahati mwenzangu anayetoka Uyoma alikuwa mezani, nikamwomba asikilize. Akavua hedifoni moja akaniambia, "Anasema mtoto alikuwa akitoka shule, anasimama mlangoni bila kuvua begi, anasema *kech kaya*." Njaa inaniuma. Mtoto amesimama mlangoni, begi mgongoni, maneno mawili. Muhtasari ulikuwa umemfuta mtoto huyo. Tangu siku hiyo mkalimani wangu nampa maagizo matatu: tafsiri sentensi kwa sentensi, usirekebishe, na kama neno lina maana mbili niandikie zote.

Na ulipe tafsiri vizuri. Saa moja ya Kidholuo kilichojaa methali na mafumbo haitafsiriwi kwa saa moja.

Hatua ya 6: Chagua

Sasa una kurasa za maandishi, labda hamsini. Pitia kila kipande kilichowekwa alama na ujiulize mambo haya.

Je, kinasimama bila swali? Mwulizaji haonekani wala hasikiki, kwa hiyo jibu linaloanza na "Ndiyo, hiyo ilitusumbua" halina kichwa. Tafuta kama baadaye mhojiwa alirudia kwa ukamilifu. Mara nyingi alirudia, kwa sababu watu hurudia yanayowauma.

Je, anasema alichoona au anachosikia kikisemwa? Watu watano kati ya tisa walisema samaki wamepungua. Wanne walilisema kama linavyosemwa redioni. Mmoja alisema zamani alikuwa akijaza ndoo mbili za ngege (sato) kabla jua halijachomoza juu ya maji, na asubuhi ile ya mahojiano alikuwa na ngege sita, akawaonyesha. Chukua yule wa ngege sita. Wale wanne wana mambo mengine wanayoyajua wao tu, watafute huko.

Je, ni kweli? Hapa mhariri ana wajibu ambao hawezi kumwachia mpiga picha. Mzee mmoja alisema mbuta (sangara) aliletwa ziwani miaka ya 1980. Kumbukumbu zinasema aliingizwa tangu miaka ya 1950; ni katika miaka ya 1980 ndipo alipozidi upande wetu wa ziwa. Kwa hiyo mzee hakusema uongo. Alitaja mwaka ambao wavu wake ulimpata kwa wingi. Nilikata "aliletwa" nikabakiza sentensi yake iliyofuata, ya wavu kupasuka kwa uzito, ambayo hakuna kitabu kingempinga. Ukiwa na shaka kuhusu mambo ya ziwa, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ina kituo hapa Kisumu; uliza. Ukikosa jibu, kata tarehe, weka tukio.

Na swali la nne, ambalo sijaliona likifundishwa mahali popote ingawa Kiswahili chenyewe hulidai: mtenda katika sentensi hii ni nani?

Nieleze kwa mfano, maana hapa ndipo nilipokaribia kufanya kosa baya zaidi katika kazi hiyo. Mvuvi mmoja alikuwa akizungumza juu ya gugumaji, ule mmea uliotoka Amerika Kusini na ukaonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Alisema:

"Magugu hayo yakija usiku, asubuhi huoni maji. Unaona shamba."

Sentensi nzuri sana. Nikatafuta cha kuifuata, nikapata hii ya mama mwingine, yenye nyota:

"Yalipoingia, hatukusikia hata sauti. Tulipoteza kila kitu."

Nikaziunganisha. Zilishikana kana kwamba ziliumbwa pamoja. Siku mbili nilijivunia mshono ule. Kisha, nikitayarisha manukuu, nikarudi kwenye maandishi kamili ya yule mama:

"Mimi nilikuwa nimetoka Kibuye. Nafika nyumbani, naona maji, majirani wamesimama barabarani na magodoro. Yalipoingia, hatukusikia hata sauti. Tulipoteza kila kitu."

Alikuwa akizungumza kuhusu maji. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilipanda kuliko ilivyokuwa imewahi kurekodiwa hadi wakati huo, likaingia majumbani ufuoni kote. Magugu hayakuwa na nafasi katika habari yake. Lakini kwa Kiswahili maji ni *ya-*, magugu ni *ya-*, na mtazamaji aliyetoka kusikia magugu angeendelea kuyaona magugu. Sikuwa nimebadilisha hata neno moja la mama yule, na nilikuwa nimemfanya aseme jambo ambalo hakulisema.

Lugha yetu humficha mtenda ndani ya kitenzi. Walitufukuza: akina nani, askari au majirani? Ilikuja: mvua, serikali, boti? Katika mazungumzo marefu hakuna utata, kwa kuwa jina lilitajwa mwanzo. Mhariri akikata mwanzo, kiambishi hubaki kikielea, nacho hushika jina lolote lililo karibu. Kwa hiyo kila kipande kinachoanza na kitenzi, zungushia kiambishi chake kalamu nyekundu na uandike pembeni kinamrejelea nani. Kama jina halimo ndani ya kipande, una njia tatu za haki: anza kukata mapema zaidi mpaka jina liingie, weka maandishi mafupi kwenye skrini, au weka picha isiyoacha shaka. Njia ya nne, ya kuokota neno "maji" kutoka jibu jingine na kulipandikiza hapo, usiitumie, hata kama sauti inalingana.

Mimi nilichukua ya kwanza. Nilianzia "Nafika nyumbani." Kiliongezeka sekunde sita, na pamoja nazo yakaja yale magodoro barabarani, ambayo sasa ndiyo picha watu wanayoikumbuka. Yule mvuvi na shamba lake juu ya maji akahamia dakika ya saba.

Hatua ya 7: Karatasi sakafuni

Vipande vilivyopita maswali hayo, kwangu vilikuwa 61, vichape. Nenda saiba, lile duka la kompyuta na uchapishaji, chapa kwa herufi kubwa, kata kwa mkasi, kila kipande karatasi yake, na juu yake andika mhojiwa, saa na urefu kwa sekunde. Tandaza mkeka na uvipange chini. Kompyuta hukuonyesha vipande vichache kwa wakati mmoja. Mkeka hukuonyesha filamu nzima ukiwa umesimama.

Panga kwa mambo, usipange kwa watu. Rundo la maji kupanda, rundo la magugu, rundo la bei, rundo la watoto kwenda mjini. Ndani ya rundo moja utaona nani anarudia nani, nani anampinga nani. Wanaopingana waweke jirani. Katika kazi ile, mvuvi kijana alisema vizimba vya kufugia samaki vimeokoa ufuo, na mzee akasema vimewafungia njia ya kupita. Aliyeagiza filamu alipendelea mmoja wao abaki. Nilimwomba wote wabaki, kila mmoja kwa sekunde zisizozidiana sana, na nashukuru alikubali.

Kisha jumlisha sekunde. Kwa filamu ya dakika 12, maneno yasizidi dakika nane hivi. Ziwa nalo linahitaji kupumua. Kama una dakika 19 mkekani, rudi chini na uendelee kuondoa. Unavyoviondoa usivitupe. Vitie bahasha iliyoandikwa "Baadaye", na kwenye kompyuta uwe na folda ya jina hilohilo.

Hatua ya 8: Shona kwa sikio

Sasa ndiyo rudi kwenye taimulaini, ule mstari wa programu ambamo klipu hupangwa. Weka vipande kwa mpangilio wa mkeka, zima skrini au geuza kiti, na usikilize. Kama habari inaeleweka kama mchezo wa redio, umefika mbali. Kama unahitaji kufungua macho ili uelewe, mpangilio bado.

Kata kabla ya pumzi, si juu yake. Mtu huvuta hewa kabla ya sentensi. Ukiikata hiyo hewa, anasikika kama amesukumwa. Nyamazo nazo zichunguze moja moja. "Eee" na "yaani" zikiwa nyingi mno, punguza, lakini acha zile zinazoonyesha mtu anatafuta neno sahihi. Yule mzee wa mbuta aliulizwa ni majirani wangapi bado wanavua. Alianza kuhesabu kwa vidole, midomo ikitaja majina bila sauti, akafika kidole cha nne, akarudi cha tatu. Sekunde kumi na moja bila neno. Niliziacha zote.

Chini ya kila mshono tandaza sauti ya mahali penyewe, zile sekunde 30 za ufuo mtupu ambazo nawasihi wapiga picha wazirekodi kila kituo kabla ya kufunga mizigo. Bila hiyo, upepo unaovuma nyuma ya mhojiwa utakatika ghafla kila unapokata, na sikio litajua. Kama una usemi katika mpango wa kazi, omba mahojiano ya ufuoni yafanywe asubuhi. Alasiri upepo wa ziwa huingia na maikrofoni yoyote hulia.

Hatua ya 9: Picha za kufunikia

Zije mwisho. Ukizianza mapema utachagua maneno kwa sababu una picha nzuri ya mashua. Na picha iwe ya kweli kama neno lilivyo: kama mama anaeleza mafuriko ya Nyalenda, usimfunike kwa mafuriko ya Budalang'i. Anayetoka huko atajua mara moja, na hataamini kitu kingine chochote ulichomwonyesha. Pale mtu anaposema lile lililo zito, ondoa picha za kufunikia kabisa. Uso wake ndio tuliokwenda kuutafuta.

Manukuu yasizidi mistari miwili, kila mstari herufi 40 hivi, na yakae skrini muda wa kutosha kwa mtu anayesoma polepole. *Kech kaya* niliacha kwa Kidholuo, na chini nikaandika "Njaa inaniuma."

Hatua ya 10: Rudi kwa waliosema

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote, na kwa mtoto inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Kwa hiyo fomu za ridhaa zikae folda moja na maandishi, na ujue ni kipande gani kinamhusu nani, ili mtu akipiga simu kuomba aondolewe uweze kufanya hivyo siku hiyo. Lakini hata pasingekuwa na sheria, ningerudi. Panga siku ya kurudi ndani ya bajeti tangu mwanzo, na usitoe filamu ya mwisho kabla ya siku hiyo. Wakati huo tengeneza nakala ya tatu ya kila kitu na uiweke nyumba nyingine, mbali na zile mbili.

Nilirudi Dunga na laptopu, tukaiweka juu ya kreti chini ya bati, watu saba kati ya wale tisa wakakaa. Yule mama wa omena alitazama hadi mwisho bila kusema kitu. Kisha akauliza, "Na pale niliposema sasa anasoma?" Mtoto wa mlangoni. Alikuwa amesema, mwishoni kabisa, kwamba kijana yule sasa yuko chuo cha ufundi, na mimi nilikuwa nimekiweka kipande hicho kwenye bahasha kwa kuwa sekunde zilikuwa zimejaa. Nilifungua folda ya "Baadaye" palepale, nikakipata kwa dakika moja, sekunde tisa. Jioni hiyo nilikitia ndani, na kwa ajili yake nikaondoa shoti ya machweo.